Flashi ikikaa kabatini inasahau: SSD na hadi diski kwa sisi wa Dodoma

Mtunza Sauti (mleta uzi)

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwa wote wa Kanda ya Kati.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Natengeneza kompyuta hapa mjini, na siku za mapumziko narekodi ngoma za Kigogo vijijini. Kazi zote mbili zinanikutanisha na swali lile lile kila wiki: "Fundi, niweke SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) au nibaki na hadi diski?" Huwa najibu harakaharaka kwa sababu foleni ipo. Leo nataka kujibu kwa kirefu, maana kuna kitu nilikipoteza na sitaki kimpate mwingine.

Mwaka 2019 nilirekodi kikundi cha akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, kwenye kijiji kimoja wilaya ya Bahi. Mama aliyekuwa anaongoza aliibana ngoma katikati ya mapaja, akaanza taratibu, sauti yake ikitangulia na wenzake wakiitikia. Miaka miwili baadaye alifariki. Video zake nilikuwa nimezihamishia kwenye flashi ya GB 128, nikaitia kwenye droo ya chumba cha nyuma, chumba cha bati kisicho na dari. Sauti peke yake, ambayo niliirekodi kwa mashine nyingine, ilibaki kwenye hadi diski ya laptopu yangu ya zamani iliyokufa bodi.

Mwaka jana familia yake walinipigia kuomba picha. Nikachomeka flashi. Majina ya mafaili yote 41 yakajitokeza, nikashusha pumzi. Kufungua sasa: mafaili 14 tu ndiyo yaliyocheza mpaka mwisho. Mengine yanaanza vizuri, kisha picha inaganda, inavunjika vipande vya kijani na zambarau, halafu kimya. Lile alilopiga peke yake lilikuwa mojawapo. Nikaichomoa hadi diski kutoka kwenye ile laptopu mfu, nikaiweka kwenye kasha la USB. Ikanguruma, ikazunguka, ikasoma kila kitu. Familia walipata sauti ya mama yao. Kumwona akipiga hawakupata.

Ndiyo maana nauleta uzi huu. Watu wengi wanajua SSD ina kasi, na ni kweli. Wasichoambiwa ni kwamba vifaa hivi viwili vinaumwa magonjwa tofauti. Hadi diski inauawa na kutikiswa na kuanguka. Flashi inauawa na kuandikwa mno, na pia kwa kusahauliwa kwenye joto bila umeme. Ukijua ugonjwa wa kila kimoja, utajua kipi ukiweke wapi.

Tuanze na hadi diski. Ndani kuna sahani za kung'aa kama kioo, zimepakwa sumaku, zinazunguka mara 5,400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi na 7,200 kwenye kompyuta nyingi za mezani. Juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko, umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Teknolojia hii ni ya mwaka 1956, IBM walipotoa mashine ya RAMAC yenye sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zote pamoja zikibeba herufi milioni 5 hivi. Wimbo mmoja wa MP3 ungeijaza.

Flashi na SSD ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna kinachozunguka. Kuna chipu zenye mabilioni ya seli, na kila seli ni mtego wa elektroni uliozungukwa na ukuta wa kuzuia umeme usitoroke. Aliyebuni ni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba, miaka ya 1980. Aina ya NAND, ndiyo iliyomo kwenye flashi na SSD zetu leo, aliitoa mwaka 1987. Jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake, kwa sababu namna data inavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mwako wa taa ya kamera.

Sasa fikirieni mtungi. Seli za zamani ziliuliza swali moja: mtungi una maji au hauna? Hiyo ndiyo SLC, biti moja kwa seli. Ili kupata nafasi kubwa kwa bei ndogo, viwanda vikaanza kuchora alama kwenye mtungi. MLC ina alama 4, TLC ina 8, QLC ina 16. Mtungi ukivuja tone moja kwenye SLC, bado unajua una maji. Ukivuja tone moja kwenye QLC, alama ya 11 imeshakuwa ya 10, na namba imebadilika. Na mtungi huu unavuja zaidi kukiwa na joto. Ukiwa na umeme, kontrola (chipu inayoiongoza SSD) kwenye SSD nzuri inaweza kuzipitia seli na kusahihisha mapema. Ukiwa kwenye droo, hakuna wa kuutazama.

Flashi yangu ilikuwa ya bei chee, ilikaa chini ya bati, na ilikaa miaka bila kuchomekwa. Vitu vitatu vikakutana.

Naendelea chini. Ulizeni tu.

---

Binti wa Makulu

Asante mkuu, na pole sana kwa hizo video. Mimi ni mwanachuo, niko mwaka wa mwisho UDOM. Laptopu yangu inachukua dakika 6 mpaka niweze kufungua Word. Watu wananiambia niongeze RAM. Ina RAM GB 8 na hadi diski GB 500. Naomba ushauri kabla sijatoa hela ya chakula.

---

Mtunza Sauti

Dada, usitoe kwanza. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya diski. Kama imesimama kwenye asilimia 100 wakati RAM haijafika hata 70, basi RAM haina kosa. Kinachokuchelewesha ni ule mkono.

Hebu tupige hesabu. Sahani ya 5,400 inazunguka mara 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja milisekunde 11. Kichwa kikifika kwenye mstari, data unayoitaka inaweza kuwa imeshapita. Ni kama kuikosa daladala, unasubiri izunguke irudi. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, milisekunde 5.6. Ongeza muda wa mkono kuhama, kwenye laptopu ni kama milisekunde 12. Jumla zaidi ya 17. Kwa hiyo kwa sekunde moja diski yako inafuata vitu vidogo kama 60 tu, na Windows ikiwaka inataka maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika kila pembe.

SSD hata ile ya kawaida ya SATA, inayotumia tundu lile lile la hadi diski ya laptopu, inafuata makumi ya maelfu kwa sekunde. Haina mkono wa kuhamisha wala sahani ya kusubiri. Watu hutaja megabaiti 550 kwa sekunde wakilinganisha na 100 hivi za hadi diski ya laptopu, na ni kweli, ila hiyo ni kwa faili moja kubwa lililolala pamoja. Raha ya SSD kwa mtumiaji kama wewe iko kwenye vitu vidogo, ambako tofauti ni ya mamia.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inakutosha. Usinunue NVMe, ile SSD ya kasi zaidi inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, kabla hujajua kama laptopu yako ina tundu lake. Nyingi za rika hilo hazina. Na hadi diski yako usimwachie fundi "akutupie". Hiyo ni mali yako na ina kazi.

---

Stationari Sabasaba

Mtoa mada, mimi nina kompyuta nne za wateja. Niliwahi kuambiwa hapa Dodoma hadi diski hazidumu kwa sababu ya vumbi letu la kiangazi, linaingia kwenye sahani. Tena mwingine akasema na mwinuko wa mji unachangia. Ni kweli?

---

Mtunza Sauti

Vumbi haliingii, kiongozi. Hadi diski ya kawaida imefungwa, ina tundu dogo sana la kupumulia lenye chujio. Vumbi letu linachofanya ni kuziba feni na mapezi ya kupoozea, mashine inapata joto, na joto ndilo linalotesa kila kitu ndani. Pulizia nje hizo kompyuta mara kwa mara kuanzia Juni mpaka mvua zinaposhika, utaona tofauti.

Mwinuko nao hauna shida. Kichwa kinahitaji hewa ya kuelea, ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo, kwa kawaida kama mita 3,000. Dodoma tuko mita 1,100 na kidogo. Tuna nafasi ya kutosha.

Vumbi linaingia pale mtu anapofungua kifuniko. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea diski aliyoifungua mwenyewe juu ya kitanda, amefuata maelekezo ya video mtandaoni, eti anausukuma mkono uliokwama. Niliiweka chini ya taa. Kwenye ile sahani ya kioo kulikuwa na duara moja la kijivu, jembamba kama uzi wa kushonea, limezunguka lote bila kukatika. Karibu na ukingo kuna alama ya kidole gumba, mistari ya ngozi inahesabika. Kwenye kona ya kasha unga mweusi umejikusanya. Ule unga ndio ulikuwa sumaku ya sahani, na ndani ya ule unga zilikuwamo picha za mdogo wake. Sikuwa na la kumsaidia.

Msifungue hadi diski. Mahali pake pa kufunguliwa ni chumba kisafi cha wataalamu.

---

Stationari Sabasaba

Nimekupata. Na umeme ukikatika ghafla? Hilo ndilo linalotusumbua sana wenye mashine za mezani. Na nifanye SSD zote nne au?

---

Mtunza Sauti

Hapa kuna kitu kizuri ambacho huwa napenda kuwaonyesha vijana wa ofisini. Umeme ukikatika, sahani bado zinazunguka kwa nguvu zilizobaki. Mota inageuka jenereta, inatoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaorudisha mkono kwenye maegesho kabla sahani hazijasimama. Kwa hiyo diski yenyewe kwa kawaida inanusurika. Kinachoharibika ni faili lililokuwa linaandikwa wakati ule.

SSD nayo ina hatari yake. Kontrola inatunza ramani ya kuonyesha kila kipande cha data kimelala kwenye seli ipi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika ramani, SSD za bei ya chini zinaweza kuamka zimechanganyikiwa, au zisiamke kabisa. SSD za seva huwekewa kapasita za kuhifadhi umeme wa kumalizia kazi. Hizi zetu nyingi hazina.

Weka SSD zote nne, wateja wako watakushukuru, lakini nunua na UPS. Ukipungukiwa hela, bora SSD mbili na UPS kuliko SSD nne bila UPS. Na kazi za wateja zisilale hapo, zihamishie kwenye hadi diski ya nje kila jioni.

---

Mpigapicha Kondoa

Mtunza Sauti naheshimu kazi yako ila hapa naomba nikupinge kidogo. Unaisifia hadi diski kwa kutunza. Mimi nimeshaziua mbili, zote kwa kuanguka, moja ikiwa inazunguka juu ya boneti la gari pale Kolo nikihamisha video. Nikahamia SSD kwa kila kitu. Halafu SSD moja ikafa bila kuugua. Jioni nimehariri harusi, asubuhi kompyuta haiioni. Haikulia, haikuchelewa, haikutoa dalili yoyote. Hadi diski angalau hulia. Kwa hiyo mimi naona vyote ni vibaya, na hizo SSD zinaisha haraka kwa sisi wa video.

---

Mtunza Sauti

Pole sana mkuu. Na umenisaidia, kwa sababu hilo la kufa kimya ni kweli na ilibidi niliseme mapema. Hadi diski nyingi huugua kwanza: inachelewa, inalia, inaanza kuwa na sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani visivyosomeka. Programu kama CrystalDiskInfo itakuonyesha idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Namba hizo zikianza kupanda, nakili vyote siku hiyo hiyo. SSD ikifa kontrola, inazimika kama taa. Seli zinaweza kuwa nzima na data imo humo, lakini aliyekuwa na ramani hayupo, na mara nyingi data imefichwa kwa ufunguo wake mwenyewe.

La kuisha haraka, tuliweke kwenye hesabu. Seli ya flashi ina idadi ya kuandikwa na kufutwa. SLC ilikuwa kama mara laki moja, TLC ni kama elfu moja mpaka tatu, QLC inashuka mpaka mia kadhaa au elfu. Inatisha ukiisikia hivyo. Lakini kontrola inazungusha zamu ili seli zote zichakae sawa. Chukua mfano wa Samsung 870 EVO ya GB 500: kiwanda kinaidhamini kuandikwa TB 300 (TB moja ni GB 1,000). Mwanachuo anayeandika GB 20 kwa siku anatumia TB 7.3 kwa mwaka. Atafikisha miaka 40 kabla ya kuimaliza, na laptopu itakuwa imeshasahaulika.

Wewe wa harusi ukiandika GB 200 kwa siku, hiyo ni TB 73 kwa mwaka, unaimaliza kwa miaka minne. Kwa hiyo uko sahihi kwa upande wako. Nunua yenye ukubwa mara mbili, TB inayodhaminiwa nayo huongezeka, na usiijaze mpaka ukingoni. Flashi ina tabia moja: inaandika kwa kurasa ndogo lakini inafuta kwa kitalu kizima. Ikijaa, ili iandike kitu kidogo inabidi isogeze vya jirani kwanza, ifute kitalu, ivirudishe. Kazi inaongezeka, kasi inashuka, seli zinachakaa. Acha sehemu ya tano iwe wazi.

Na ile ya Kolo, njia zile na hadi diski inayozunguka haviwezi kukaa pamoja. Porini tumia SSD ya nje. Nyumbani hamishia kwenye hadi diski mbili, na mojawapo ikalale kwa ndugu, nyumba nyingine.

---

Mpigapicha Kondoa

Hapo tumeelewana. Swali dogo: nimenunua SSD ya nje inayosifiwa megabaiti 1,000 kwa sekunde, kwangu inavuta 35. Nimeibiwa?

---

Mtunza Sauti

Tazama tundu ulilochomeka. Kama ni la USB 2.0, hapo hata ungechomeka nini, mwisho wake ni 35 mpaka 40. Kwa kadi ya GB 64 unakaa kama nusu saa. Tafuta tundu la bluu au la USB-C, na tumia kebo iliyokuja nayo. Kebo nyingi za chaja zinapitisha mwendo wa USB 2.0 tu.

---

Mzee wa Manyoni

Vijana hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina hadi diski ya nje tangu 2012, ina picha za wanafunzi wangu wa miaka mingi na maandishi yangu ya historia ya ukoo. Mjukuu amenunua flashi ndogo iliyoandikwa TB 2, anataka tuhamishie humo tuachane na "tofali". Nimesoma habari ya huyo mama wa muheme nikasita.

---

Mtunza Sauti

Shikamoo mzee wangu. Umefanya vema kusita.

Kwanza hiyo flashi. Kama ilinunuliwa kwa bei ya flashi za kawaida, karibu hakika si TB 2. Wapo wanaochukua chipu ya GB 16 au 32 na kuidanganya kontrola itangaze ukubwa mwingine. Kompyuta inaamini. Unanakili, inakubali, ikishajaa inaanza kuandika juu ya vya zamani au kumwaga hewani, na majina ya mafaili unaendelea kuyaona kama kawaida. Mwambie mjukuu aijaribu kwa programu ya H2testw kabla haijawekwa kitu. Inaijaza yote kisha inasoma upya na kusema ukweli. Niliwahi kununua moja mnadani iliyoandikwa TB 1, ikapimwa ikawa na GB 29.

Pili, hadi diski ya 2012 imefanya kazi iliyotukuka lakini umri umekwenda. Usiitupe. Nunua hadi diski mpya ya nje, nakilini vyote, na ile ya zamani ibaki kama nakala ya pili. Kwa kutunza vingi kwa muda mrefu hadi diski bado ina bei nafuu zaidi kwa kila TB. Hata vituo vikubwa vya data duniani bado vinazinunua kwa wingi. Seagate mwaka 2024 walitangaza za TB 30 kwa diski moja. Data yake ni sumaku, haihitaji umeme ili ikae.

Iwekwe kwenye boksi kavu, chini, si juu ya kabati inakoweza kuangushwa. Mara moja au mbili kwa mwaka ichomekeni, izunguke, fungueni picha kadhaa. Mnaweza kuchagua siku inayokumbukika kwenu.

Na hayo maandishi ya historia ya ukoo, mzee, chapisha na karatasini.

---

Mzee wa Manyoni

Marahaba mwanangu. Tumeijaribu hiyo flashi kama ulivyosema. Imetoa GB 14. Mjukuu amenyamaza. Tutanunua hadi diski nikija Dodoma.

---

Afisa Mtumba

Naomba ufafanuzi hapo kwenye kukaa bila umeme. Mimi nina SSD kwenye laptopu ninayoitumia kila siku, na nyingine nimeiweka kabatini ina nakala za familia. Je, nayo itasahau?

---

Mtunza Sauti

Ya kila siku usiihofie. Ya kabatini ndiyo ya kuangalia. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinataka hivi: ikishatumika mpaka mwisho wa uandishi wake unaodhaminiwa, ikae bila umeme mwaka mmoja kwenye nyuzijoto 30 bila kupoteza data. SSD mpya ambayo haijaandikwa sana inakaa zaidi ya hapo, kwa sababu kuta za seli bado ni imara. Lakini joto likipanda muda unapungua, na sisi sote tunajua chumba cha bati kinavyokuwa saa nane mchana mwezi Novemba.

Kwa hiyo ichomeke kila baada ya miezi michache, iache kwa saa kadhaa, ikiwezekana soma mafaili yote mwanzo hadi mwisho. Au tumia njia yangu ya sasa: kabati ni la hadi diski, SSD ni ya mashine inayofanya kazi.

Nyongeza kwa wote wenye SSD: ukifuta faili kwa makosa na pipa la taka ukalimwaga, usitegemee kulirudisha. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kuna amri ya TRIM inayoiambia SSD kwamba sehemu ile haihitajiki, nayo inaifuta kweli. Kwenye hadi diski ya zamani faili lililofutwa hubaki hapo mpaka liandikwe juu, ndiyo maana mafundi tuliweza kuwarudishia watu. Tuliozoea hilo inabidi tuzoee upya.

---

Binti wa Makulu

Nimerudi na mrejesho. Diski ilikuwa asilimia 100 kweli, RAM 54. Nimeweka SSD ya GB 256, fundi wa jirani na hosteli amenakili kila kitu kama kilivyokuwa. Nimewasha nikiwa na saa mkononi: sekunde 19. Nimejikuta naizima na kuiwasha tena ili nihakikishe. Niliiona SSD ilipofunguliwa kidogo, ndani bodi ni fupi kuliko kidole changu, kasha lingine lote ni tupu!

Hadi diski ya zamani nimeinunulia kasha la USB. Tasnifu yangu iko sehemu zote mbili sasa, na nimejitumia kwenye barua pepe.

---

Mtunza Sauti

Hongera sana dada. Tasnifu kwenye sehemu tatu, hapo hata mimi nalala vizuri. Hilo kasha tupu lisikutie shaka, umbo la inchi 2.5 lilibaki ili SSD ikae pale ilipokaa hadi diski.

---

Mama Kisasa

Samahani kwa kuingilia, nimefika kwenye uzi huu nikitafuta msaada. Hadi diski yangu ya nje ilianguka jana kutoka mezani ikiwa imechomekwa. Sasa nikiiwasha inalia tik, tik, tik, kisha inanyamaza. Kuna hati za kiwanja tulizoskani, na picha za mume wangu marehemu. Nimewasha mara tatu. Mara ya tatu ilionekana kwa sekunde chache. Nijaribu ya nne labda itashika?

---

Mtunza Sauti

Mama, usiwashe. Kama iko kwenye umeme sasa hivi, ichomoe kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu.

Huo mlio ni mkono unaotafuta njia yake na kuikosa, unarudi, unajaribu tena. Kama kichwa kimegusa sahani, kila sekunde inapozunguka kinakwangua mara 90, na kinachokwanguliwa ndiyo hizo picha. Ile mara ya tatu ilipoonekana inaashiria data bado ipo. Tuilinde hivyo hivyo ilivyo.

Usiiweke kwenye friji, usiigonge, usimpe mtu wa kuifungua kifuniko. Izungushie kitambaa laini, uiweke kwenye boksi. Wapo wataalamu wa kurejesha data wenye chumba kisafi. Gharama si ndogo, ila diski ambayo haijawashwa ovyo ina nafasi kubwa kuliko iliyolazimishwa. Hati za kiwanja nakala zake unaweza kuziomba upya ofisi ya ardhi, kwa hiyo zisikukimbize. Picha ndizo za kuzifikiria. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze hatua kwa hatua.

Umeichomoa?

---

Mama Kisasa

Nimeichomoa baba. Nimeifunga kwenye kanga yangu, ipo hapa mezani.